Kadi za Sikukuu kwa Lino: Mwalimu wa Chapa Anajibu Barua Zenu

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: nifanyeje ili niwapelekee watu wangu kadi ya sikukuu niliyoichapa kwa mikono yangu mwenyewe? Zimenifurahisha sana. Nimefundisha uchapaji wa lino kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na sijui kazi nyingine ya mikono inayomlipa anayeanza mapema kiasi hiki. Unachonga mara moja, unapata kadi nyingi, na kila moja imepita mkononi mwako.

Kwa wasomaji wapya, kazi yenyewe iko hivi. Unachukua kipande bapa cha lino, ile iliyobuniwa kwa kufunika sakafu, unachonga na kuondoa sehemu zote usizotaka zitoke kwenye karatasi. Kinachobaki juu kinapakwa wino kwa rola. Karatasi inalazwa juu yake, inasuguliwa kwa nyuma, kisha inabanduliwa. Mlichoniuliza ni yale yaliyo kati ya hatua hizo, na ndiko twendako.

Shikamoo Mwalimu. Nataka kuchapa kadi kama thelathini kwa ajili ya ndugu na marafiki. Sijawahi kushika patasi. Ninunue nini na niache nini?
*Msomaji anayeanza*

Marahaba. Anza na bahasha. Najua inashangaza, lakini watu wengi huchonga kwanza, wakachapa, kisha wakahangaika kutafuta bahasha ya kadi ambayo haina jamaa yake duniani. Karatasi ya A5 ukiikunja katikati unapata kadi ya A6, yaani milimita 105 kwa 148, na bahasha yake ni ile ya C6, milimita 114 kwa 162. Ukishazipata bahasha, kata lino ya milimita 85 kwa 128. Hapo picha itakaa katikati ya kadi, ikiwa na ukingo mweupe wa sentimita moja kila upande. Ukingo huo usiuonee uchoyo. Ndio unaoifanya kazi ionekane imekusudiwa.

Lino ninayoipenda ni ile ya kijivu yenye kitambaa cha gunia nyuma, unene wa milimita tatu na kidogo. Zipo pia za plastiki laini na za mpira ambazo hukatika kwa urahisi. Nazo ni nzuri kwa mkono usio na nguvu, ila mstari mwembamba hulegea na kuyumba chini ya rola, kwa hiyo nitakushauri ile ya kijivu. Patasi mbili zinatosha: moja yenye ncha nyembamba ya V kwa mistari, na moja pana ya U kwa kuondoa maeneo makubwa. Ongeza rola ya mpira yenye upana wa sentimita sita hadi kumi, kipande cha kioo kilicholainishwa kingo kwa ajili ya kutandazia wino, wino mweusi wa kuchapia, na kijiko cha mbao.

Mashine ya kuchapia iache. Kadi ndogo hivi hutoka vizuri kwa kusugua mgongo wa kijiko, na mkono wako utakuambia mahali wino haujashika kabla hujabandua karatasi. Ukilazimika kuchagua cha kununua kizuri kuliko vingine, chagua rola. Rola iliyobonyea au yenye mikwaruzo huacha alama zilezile kwenye kila kadi, na ufundi wowote wa kuchonga hauwezi kuziondoa.

Mwalimu, lino niliyo nayo imekaa kabatini muda mrefu. Patasi inateleza juu yake, na nikikazana inamegeka. Nimekata tamaa. Niitupe?
*Mama wa watoto watatu*

Usiitupe, mama. Ukijua lino imetengenezwa na nini utaelewa kwa nini imekuwa hivyo. Ilibuniwa Uingereza na Frederick Walton, aliyeipatia hati ya ubunifu mwaka 1863, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kufunika sakafu. Ndani yake mna mafuta ya kitani yaliyoachwa yakashika hewa hadi yakawa mazito kama utomvu, yakachanganywa na unga wa koki, ile ya vizibo vya chupa, na unga wa mbao, kisha yakasukumwa juu ya kitambaa cha gunia. Mafuta ya kitani hayakauki kama maji yanavyokauka. Huvuta oksijeni kutoka hewani na kugeuka kuwa kitu kigumu, na hayaachi hata baada ya lino kutoka kiwandani. Lino yako iliendelea na kazi hiyo kimyakimya kabatini.

Dawa yake ni joto. Iweke juani dakika chache, au ilaze juu ya chupa ya maji ya moto iliyofunikwa kitambaa, au ipige pasi ya vuguvugu ukiwa umetanguliza karatasi safi juu yake. Ikipata uvuguvugu inalegea na patasi inazama bila ugomvi. Ikipoa, ipashe tena. Kama ukingo unapukutika unga hata baada ya kupashwa, hapo imezeeka kweli. Itumie kwa picha ya maumbo makubwa isiyo na mistari myembamba.

Lakini nakuomba uiangalie na patasi yako. Lino hubebeshwa lawama nyingi ambazo ni za chuma butu. Chukua kipande cha mkanda wa ngozi, kigundishe juu ya ubao, kipake dawa ya kung'arishia chuma, na kila baada ya kuchonga kwa muda vuta patasi juu yake kwa kuirudisha nyuma, mara chache tu. Patasi kali huacha mfereji unaong'aa. Patasi butu huacha mfereji wenye kingo zilizochanika, na mchanikano huo utauona kwenye kadi.

Na hili nawaambia wote, si mama huyu peke yake: mkono usioshika patasi ukae nyuma ya ncha wakati wote. Majeraha mengi ya lino yanatokana na ule mkono wa pili unaoshikilia lino kwa mbele. Tengeneza ubao wa kuzuia. Chukua kipande cha ubao, pigilia papi moja juu kwenye ukingo wa mbali na nyingine chini kwenye ukingo wa karibu nawe. Papi ya chini inashika meza, ya juu inazuia lino isikimbie, na mikono yote miwili inabaki upande salama. Unapotaka mstari wa kupinda, zungusha lino, usizungushe mkono.

Nilichora picha nzuri sana kwa penseli: nyumba, mti, nyota, watu wakikumbatiana mlangoni. Nikaichonga kwa uangalifu mstari kwa mstari. Ilipotoka ikawa fujo tupu, huwezi kujua mtu ni yupi na mlango ni upi. Kosa liko wapi?
*Kijana wa chuo*

Ndugu yangu, umegusa jambo ninalolijali kuliko mengine yote katika kazi hii, kwa hiyo univumilie nikirefusha.

Penseli huongeza giza kwenye karatasi nyeupe. Patasi huongeza mwanga kwenye lino ambayo, usipoigusa, ingetoka nyeusi yote. Ulichora kwa akili ya penseli, kisha ukailazimisha patasi ifuate. Mchoro wa mistari unaopendeza kwenye daftari unahitaji uondoe kila kitu kilicho kati ya mistari na kuuacha mstari ukisimama peke yake, mwembamba, ukizungukwa na bonde. Ni kazi ndefu, mistari inavunjika, na mabonde yasiyo na kina cha kutosha yanashika wino. Fujo uliyoiona imetoka humo.

Fanya hivi. Tafuta karatasi nyeusi na penseli nyeupe, au chaki. Chora upya ukijiuliza swali moja tu: mwanga uko wapi? Kwenye picha yako mwanga unatoka mlangoni. Basi mlango uwe mweupe mtupu, umeondolewa wote. Watu wanaokumbatiana wawe umbo moja jeusi mbele ya mweupe huo, bila nyuso, bila vifungo vya nguo. Nyumba iwe nyeusi. Mti uondoke kabisa. Nyota ibaki, maana inajibizana na mlango. Sasa una maumbo matatu au manne, na mtu atakayefungua bahasha ataiona picha kabla hajasoma neno lolote.

Punguza kwanza, kisha pamba. Baada ya maumbo makubwa kukaa sawa, ndipo ncha ya V inapoingia kufanya kazi yake nzuri: mikwaruzo michache ya mwanga begani mwa mtu, mistari ya mbao ukutani, chenga za mwanga ardhini. Kati ya nyeusi na nyeupe unapata kijivu kwa mistari iliyobanana au nukta. Acha eneo moja jeusi lipumzike bila kuguswa. Anayeanza huona nyeusi tupu kama kazi isiyomalizika na huikwaruza yote, na picha nzima inapoteza uzito.

Ukipata nafasi tazama kazi za John Muafangejo, aliyezaliwa mwaka 1943 na kufariki Windhoek mwaka 1987. Alisomea sanaa Rorke's Drift nchini Afrika Kusini, na nyingi ya chapa zake za lino ni nyeusi na nyeupe basi. Angalia jinsi mtu mzima anavyokuwa umbo moja, na jinsi mistari myeupe michache inavyotosha kumvalisha nguo. Tazama pia Azaria Mbatha, ambaye naye alipitia hapohapo Rorke's Drift. Picha zake zimejaa watu wengi na bado macho hayapotei, kwa sababu kila umbo limeamuliwa, ama jeusi ama jeupe.

Jambo la mwisho kwako, la ufundi. Unapochonga kando ya mstari utakaobaki, laza patasi ili ukuta wa mstari uteremke kwa mteremko, uwe mpana chini na mwembamba juu. Ukichimba chini ya mstari, mstari utasimama juu ya hewa, na kadi ya kumi utaukuta haupo.

Asalaam aleikum Mwalimu. Nataka kadi ya Idi yenye maneno kwa herufi za Kiarabu, na nyingine ya kawaida ya kuandika "Heri ya Mwaka Mpya". Maneno yote yanatoka kinyumenyume. Kuna njia ya kuyageuza bila kuumiza kichwa?
*Msomaji wa siku nyingi*

Waaleikum salaam. Ipo, na kichwa hakihusiki kabisa. Andika maneno yako sawasawa, jinsi yanavyosomwa, kwenye karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, kwa penseli laini kama 2B au 4B. Igeuze kifudifudi juu ya lino, ibandike kwa utepe isihame, kisha sugua mgongo wake kwa kijiko. Risasi ya penseli itahamia kwenye lino ikiwa imegeuka tayari. Ukichonga hiyo, kwenye kadi itarudi kusomeka. Njia ni hiyohiyo kwa herufi za Kiarabu: zinazosomwa kutoka kulia kwenda kushoto zitaonekana kwenye lino zikienda kushoto kwenda kulia, na usijaribu kuzisoma hapo. Kabla ya kuanza kuchonga, simamisha kioo cha kujitazamia mbele ya lino. Yanayosomeka kwenye kioo ndiyo yatakayosomeka kwenye kadi. Pitia mstari wa penseli kwa kalamu ya wino usiofutika, maana kiganja hufuta penseli haraka.

Sasa uamuzi mkubwa: herufi nyeupe juu ya nyeusi, au nyeusi juu ya nyeupe? Kwa kadi ya kwanza nakushauri nyeupe. Unaandika moja kwa moja kwa ncha ya V, na kwa mwandiko wa Kiarabu hasa inapendeza, kwa sababu ukizamisha ncha kidogo mstari unakuwa mwembamba na ukiizamisha zaidi unapanuka, na mwandiko huo unaishi kwa kupanuka na kubana. Ukitaka herufi nyeusi, lazima uondoe kila kitu kuzizunguka, na nukta za ba, ta na nun zinabaki visiwa vidogo vinavyong'oka kirahisi. Ukiziacha visiwa, kila nukta isipungue milimita mbili.

Na maneno yawe machache. Salamu ndefu iandike ndani kwa kalamu, kwa mkono wako. Huko ndiko mpokeaji anakotafuta jina lake.

Kadi zangu zinatoka na madoa meupe madogomadogo kama zimenyunyiziwa chumvi. Nikiongeza wino, madoa yanaisha lakini mistari myembamba inajaa na kupotea. Nashindwa pande zote mbili.
*Fundi cherehani*

Hujashindwa, uko karibu sana. Madoa hayo yana vyanzo vitatu, na wino kidogo ni kimoja tu.

Cha kwanza ni lino yenyewe. Lino mpya ina utelezi juu na inakataa wino. Kabla ya kuchonga, ipitishe msasa laini kidogo, kisha ipanguse vumbi. Hata hivyo chapa za mwanzo zitakuwa dhaifu hadi lino ishibe wino, kwa hiyo zichape kwenye karatasi za kutupa na usizihukumu. Cha pili ni mkandamizo. Karatasi nene haifuati uso wa lino vizuri inaposuguliwa kwa mkono. Sugua kwa duara ndogondogo zinazopandana, anzia katikati kwenda nje, na kwenye maeneo makubwa meusi tumia ncha ya kijiko na si tumbo lake. Shikilia karatasi kwa kiganja, inua pembe moja utazame, irudishe, ongeza kusugua mahali palipopauka. Kama karatasi ni ya gramu 250 kwa mita ya mraba na bado inakataa, chapa kwenye karatasi nyembamba, kisha ibandike kwa gundi juu ya kadi iliyokunjwa. Kadi ya namna hiyo ina heshima yake, wala si njia ya mkato.

Cha tatu ndicho wino, na hapa masikio ni muhimu kuliko macho. Weka wino kidogo kwenye kioo na uutandaze kwa rola huku ukiinyanyua mwisho wa kila mpito, ili izunguke na isipake mahali palepale. Wino ukiwa mwingi, rola inatoa sauti nzito ya kunata na kubanduka, na uso wa wino una vipele. Ukiwa wa kiasi, sauti inakuwa mchakacho mwembamba usiokatika, na uso unaonekana kama mahameli. Hapo peleka kwenye lino. Usipake mara moja kwa wingi. Pitisha rola, irudishe kwenye kioo, pitisha tena upande mwingine, rudia mara nne au tano. Tabaka nyingi nyembamba hufunika bila kujaza mistari. Tabaka moja nene hufanya vyote viwili ulivyolalamikia.

Mistari ikishajaa, usiichokonoe kwa sindano. Chapa kwenye gazeti mara mbili tatu bila kuongeza wino, na karatasi itauvuta wino uliozama.

Je, naweza kutumia rangi ya ukutani au wino wa kalamu badala ya wino wa kuchapia?
*Msomaji*

Hapana. Wino wa kalamu ni maji, utatiririka hadi kwenye mabonde. Rangi ya ukutani inakauka juu ya rola kabla hujaweka karatasi. Wino wa kuchapia umefanywa mzito na wenye kunata ili ukae juu ya lino na kushika karatasi. Hapa hakuna mbadala mzuri.

Nilichapa kadi kwa wino wa mafuta. Siku iliyofuata nikazipanga kwenye boksi, zikagandana na kuchafuana zote. Wino huu unakauka lini? Na nioshe vipi vifaa?
*Muuguzi wa zamu za usiku*

Pole sana, dada, kazi ya usiku kucha kuchafuka inauma. Kumbukeni yale mafuta ya kitani ndani ya lino. Wino mwingi wa mafuta umetengenezwa kwa mafuta hayohayo, na unakauka kwa njia ileile ya kuvuta oksijeni. Ukizifungia kadi kwenye boksi umezinyima hewa inayozikausha. Zianike moja moja kwenye kamba kwa vibanio, au zisimamishe kwenye rafu zisigusane. Tabaka jembamba linahitaji siku kadhaa, na nene laweza kufika wiki au zaidi. Ubaridi na unyevunyevu huchelewesha. Kwa hiyo kadi za wino wa mafuta zichapwe wiki tatu kabla ya siku ya kuzituma. Ukiwa na haraka, tumia wino wa maji, ambao hukauka mapema sana. Lakini siku ya joto utakauka hata kwenye kioo ukiwa bado unafanya kazi, basi toa kidogokidogo na uufunike.

Kuosha: wino wa maji unatoka kwa maji na sabuni. Wino wa mafuta uondoe kwanza kwa kitambaa kikavu, kisha kitambaa chenye mafuta kidogo ya kupikia, mwisho kitambaa chenye sabuni. Zipo siku hizi wino za mafuta zinazooshwa kwa maji na sabuni pekee, na kwa meza ya nyumbani ndizo ninazozipendekeza. Lino yenyewe usiizamishe majini, maana kitambaa cha nyuma kinavimba na lino inajipinda. Ipanguse tu, kisha ihifadhi ikiwa imelala bapa.

Matambara yaliyofuta wino wa mafuta ya kitani yasirundikwe. Mafuta yanapovuta oksijeni hutoa joto, na ndani ya lundo joto hilo halina pa kutokea. Lundo linaweza kuwaka lenyewe bila mtu kulitia moto. Tandaza kila tambara peke yake nje hadi likauke na kukakamaa, au litumbukize kwenye debe la chuma lenye maji na kifuniko. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu mtu anaweza kuchapa miaka mingi bila kulisikia.

Mwalimu mwenzangu, nina watoto wa darasa la nne na ninatamani kila mmoja atengeneze kadi. Patasi nazihofia. Nifanye nini?
*Mwalimu wa shule ya msingi*

Kuhofia kwako ni sahihi. Wapo waliofundisha watoto lino kwa mafanikio makubwa. Franz Cižek alifanya hivyo Vienna mwanzoni mwa karne ya 20, lakini hakuwa na darasa lako. Kwa darasa kubwa tumia vipande bapa vya plastiki nyepesi ya povu, ile ya trei za vifungashio. Mtoto anachora juu yake kwa penseli butu akikandamiza, mstari unazama, na palipozama hapachukui wino. Hakuna ncha kali, na somo la mwanga na giza ni lilelile. Tumia wino wa maji. Weka vituo viwili au vitatu tu vya wino ili uweze kuvisimamia, na wengine waendelee kuchora. Watoto wawili au watatu waliokomaa mikono unaweza kuwapa lino laini mbele ya macho yako.

Usiwachoree. Mtoto akichora ndege mwenye miguu mitatu, chapa ndege huyo.

Nataka rangi mbili au tatu. Lazima nichonge lino tatu?
*Msomaji aliyekwisha chapa kadi nyeusi*

Si lazima. Njia inayopendwa ni ya lino moja inayopunguzwa. Unachonga yatakayobaki meupe, unachapa rangi nyepesi kabisa, tuseme njano, kwenye karatasi zote. Unaosha, unachonga yatakayobaki njano, unachapa nyekundu juu. Unachonga tena, unamalizia na nyeusi. Picasso aliifanyia kazi sana njia hii mwishoni mwa miaka ya 1950 akiwa kusini mwa Ufaransa, pamoja na mchapaji Hidalgo Arnéra. Uzuri wake ni kwamba rangi zinaoana zenyewe, kwa kuwa zote zimetoka kwenye lino moja. Ugumu wake ni kwamba ukishachonga hatua ya pili, ya kwanza haipo tena duniani. Ukitaka kadi thelathini, anza na karatasi arobaini.

Ili rangi zikae juu ya mwenzake, kata dirisha la ukubwa wa lino yako katikati ya kadibodi nene kama lino, ubandike kadibodi hiyo mezani. Lino inaingia dirishani kila mara palepale. Kisha gundisha vipande viwili vya kadibodi kwenye pembe moja, vikutane kwa pembemraba, na kila karatasi uisukume hadi iguse vyote viwili kabla ya kuilaza.

Lakini kwa kadi za sikukuu mimi mwenyewe hupendelea njia ya zamani zaidi: chapa nyeusi, iache ikauke kabisa, kisha tia rangi ya maji kwa brashi mahali pamoja au pawili. Taa, nyota, kitambaa cha kichwani. Kadi ya Krismasi ya kwanza kuuzwa kibiashara, ile Henry Cole aliyoiagiza London mwaka 1843 na kuchorwa na John Callcott Horsley, ilichapwa kisha ikatiwa rangi kwa mkono. Hapa sharti moja: wino uwe wa mafuta. Wino wa maji unaweza kufumuka ukiguswa na brashi yenye maji.

Swali dogo: nichape kabla au baada ya kukunja kadi? Na je, niweke namba kama wasanii?
*Msomaji*

Chapa kabla. Kadi iliyokunjwa haitulii bapa, na mkunjo unazuia kijiko. Kabla ya kukunja, jaribu kuipinda karatasi kidogo pande zote mbili bila kuivunja. Upande unaopindika kwa ulaini ndiko nyuzi zake zinakoelekea, na mkunjo ukifuata nyuzi hautapasuka. Weka rula katikati, pitisha kitu butu chenye ncha, kwa mfano sindano ya kufumia, kisha kunja kuelekea upande utakaokuwa ndani.

Namba ziandike kwa penseli chini ya picha upande wa kushoto, kwa mfano 7/30, yaani chapa ya saba kati ya thelathini, na sahihi yako upande wa kulia. Ukiweka namba umeahidi kwamba thelathini ndiyo mwisho, basi usichape ya thelathini na moja. Kama unafikiri mwakani utaichapa tena lino hiyohiyo, weka sahihi tu.